Ampli ya Sauti ya Chini

Bunia, tarehe 14 Januari 2006

Mama Divine, bibi yangu mupendwa,

Jambo sana. Huku tuko wazima, miye na mama yangu Léontine, pamoja na tumbo langu, ambalo linanenepa kama vile halikusikia kwamba kulikuwa vita. Weye na Divine muko aje huko Kampala? Kikohozi cha mutoto kiliisha? Unisalimie dada yako Adeline, anayewavumilia nyumbani kwake tangu mukimbie.

Naandika barua kwa sababu kwa simu unanikatia kabla sijamaliza utani. Katsuva ataileta na lori yake.

Neno ni hili. Salon ya nyumba, ya kukaribishia wageni, imepakwa rangi. Inakosa vitu viwili: weye na muziki. Weye unarudi Pasaka, nimewaambia watu wote wa avenue, usinitie haya. Kwa muziki, unitafutie ampli moja ya okazyoni, iliyokwisha kutumiwa na mutu mwingine, ile yenye radio ndani, na bafle zake mbili za kutolea sauti, ya bei ya mushonaji nguo kama miye. Zinazouzwa hapa zimeandikwa wati maelfu, na zinalia kama mbuzi.

Nguvu si kitu. Ukiwa dukani, muambie muuzaji ashushe sauti chini kabisa, kwenye alama ya kwanza, usikilize kama besi bado inasikika. Zingine ziko na kifungo kinachonenepesha muziki hata sauti ikiwa chini. Hiyo ndiyo naitaka. Tena iwe na telekomande ya kushika mukononi, yenye kifungo cha kunyamazisha mara moja.

Amani iko. Mutu anatembea.

Bwana yako,
Baba Divine


Kampala, 2 Februari 2006

Baba Divine,

Pokea salamu zetu. Kikohozi kiliisha. Mutoto wako sasa anaota ndoto kwa Kiingereza na kunicheka ninavyokisema. Magoti ya mama mukwe yanaendelea namna gani?

Nilizunguka maduka mpaka viatu vikanichoka. Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya fedha, bei ndogo, nikashuku. Muuzaji anasema, "Mama, hii ni Japani yenyewe." Nikamuuliza radio yake inafika namba ngapi. Inaishia tisini. Stesheni zako zote ziko juu ya hapo, ungekaa kusikiliza upepo. Tena inataka umeme wa volti mia, na weye nakujua, ungeiunguza siku ya kwanza. Nikamuachia.

Ya pili ni nyeusi, nzito, imekwaruzika mugongoni, lakini radio yake inafika mia na nane, na kile kifungo chako iko nacho. Nikamuambia ashushe sauti. Akashusha. Nikasema chini tena. Akanitazama: "Mama, unanunua muziki ao unanunua kimya?" Watu wakacheka, na miye nikacheka. Nilipofika nyumbani sikucheka tena.

Weye ulikuwa unafungulia muziki mpaka watu wa avenue ya pili wanacheza. Mukatekista alikuja kulalamika, ukamupa kiti na bia. Leo unataka alama ya kwanza. Na kunyamazisha mara moja, ni kwa nini? Kama unaogopa kumuamusha mama, nitakununulia écouteurs za kuvaa masikioni. Ni bei rahisi kabisa, na utasikiliza kwa raha yako.

Bibi yako,
Mama Divine


Bunia, 19 Februari 2006

Mama Divine,

Asante kwa barua. Siye wazima. Magoti ya mama yanalia kuliko bafle, lakini anatembea mpaka kanisani na kurudi akisengenya.

Umeniuliza kwa nini sauti ya chini. Bibi yangu, nimezeeka. Mutu wa miaka hamusini na mbili anaanza kupenda vitu polepole: uji, baiskeli, rumba. Na jirani yetu Eugène siku hizi analala mapema kama kuku.

Écouteurs hapana. Hizo siwezi. Zinanibana, unajua kichwa changu, mama mwenyewe alikizaa kwa taabu. Usinunue écouteurs.

Ile nyeusi ni nzuri. Ichukue. Nimeshona pazia za salon, za kijani. Moja ni fupi kuliko ingine, lakini ukikaa kwenye kiti cha pembeni huoni.

Pasaka inakaribia.

Baba Divine


Kampala, 5 Machi 2006

Baba Divine,

Salamu. Tuko wazima. Leo sina utani.

Nilivaa écouteurs za Adeline, nikafunga macho. Ilikuwa vizuri, sikatai. Nilipofungua macho, Divine alikuwa amesimama mbele yangu, analia. Alikuwa ananiita tangu mlangoni, na sikumusikia.

Hapo nikakuelewa. Sauti ya chini, kifungo cha kunyamazisha, écouteurs hapana. Weye husikilizi muziki, Jérôme. Unasikiliza inje, na muziki unauweka pembeni.

Unanipakia rangi, unanishonea pazia, lakini jambo lenyewe huniambii. Niambie wazi. Miye naweza kuleta mutoto huko, ao siwezi? Ukinijibu kwa utani tena, nitajua jibu ni hapana.

Mama Divine


Kampala, 28 Machi 2006

Baba Divine,

Katsuva amerudi bila barua. Anasema alifika Komanda tu, wasafiri wote walirudishwa. Simu yako haiiti. Hapa radio imetaja bunduki za Iga Barrière, kisha ikaingia matangazo ya sabuni.

Ninamupa karatasi hii aende nayo tena. Uandike hata neno moja. Hata utani, nimekubali.

Mama Divine


Bunia, 6 Aprili 2006

Mama Divine, bibi yangu,

Barua zako mbili zilinifikia siku moja. Tuko wazima, miye na mama. Nyumba inasimama.

Bunduki zililia upande wa Iga Barrière. Mujini hazikufika, lakini watu walifika, na magodoro kichwani. Espérance, binti ya shangazi yangu wa Djugu, analala kwenye salon yako na watoto wake wanne. Rangi wameipenda, wameichora mpaka kwenye dirisha.

Umeuliza wazi, najibu wazi. Jioni nafungua ile radio ndogo, chini. Mbwa wa inje akinyamaza ghafula, nazima, nisikilize. Mama anauliza, "Jérôme, ni nini?" Nasema ni gari. Kisha tunakaa wote wawili kungojea gari lipite, na halipiti. Avenue nzima ndivyo inaishi. Eugène akizima ya kwake, miye nazima, na anayenifuata anazima, mpaka unasikia kimya kinatembea nyumba kwa nyumba. Mara nyingi ni bure, ni mulevi tu anaanguka. Tunafungua tena, tunachekana.

Nilitaka ampli ya sauti ya chini nikifikiri, ukifika, utakuta muziki na hutauliza mengine.

Usije Pasaka. Neno hili nimelianza tangu asubuhi na sasa mama amekwisha kupika. Nunua ile nyeusi, uiweke kwa Adeline. Ufungulie mpaka majirani wagonge ukuta. Divine ajue muziki wa baba yake ukiwa na sauti yake nzima.

Baba Divine


Beni, 13 Aprili 2006

Baba Divine, bwana yangu,

Usiniulize hali, mugongo umekwisha. Lori ya Katsuva imevunja kitu chini na wanakitengeneza. Dereva mwenzake anatangulia, ndiye anakuletea hii.

Barua yako ilinikuta Kampala, niliisoma mara mbili. Divine amebaki kwa Adeline, shule iko, na huko atabaki mpaka miye mwenyewe nione Bunia iko namna gani. Nimeondoka na ile nyeusi. Katsuva alitaka kuitupa juu ya magunia, nikamukatalia, iko kati ya miguu yangu na magoti yangu sasa yanafanana na ya mama yako.

Sikuja kwa sababu ya Pasaka, na sikuja kwa sababu umesema amani iko. Nimekuja kwa sababu mutu mumoja hawezi kusikiliza muziki na inje pamoja. Jioni moja utakaa na muziki, miye nitakaa karibu na mlango. Kesho yake tutabadilisha. Mama Léontine na Espérance nao wako na masikio, tutawapa zamu.

Espérance asihame salon. Sisi tutapata pa kulala.

Wanasema njia ya Komanda imefunguliwa. Usije kunipokea barabarani, ukae na mama. Labda tutaingia giza ikiwa imeanguka. Nitaita jina lako kwanza nikiwa kwenye ua, kisha ndiyo nitagonga mlango.

Mama Divine