Sili wa Bandia na Modeli ya Sixten

Uppsala,
26 Mei 2019

Mpendwa Shangazi Gunvor,

Shikamoo. Goti linaendeleaje huko Tasmania? Sisi hatujambo, ila Baba anakohoa na hataki mtu akiite kikohozi.

Ijumaa nilitetea tasnifu yangu ya udaktari, na nusura niumbuke mbele ya ukumbi mzima.

Desturi yetu unaijua: wiki tatu kabla, kitabu cha tasnifu hupigiliwa msumari ubaoni chuoni, na tangu hapo hakibadilishwi. Baba alikuja na nyundo ya kujengea ghala, akapasua ubao.

Kitabu chenyewe kinahusu jeni za sili, wale wanyama wa Bahari ya Baltiki. Nilizishindanisha modeli kadhaa, yaani maelezo ya kihesabu ya jinsi jeni zinavyobadilika kizazi hata kizazi. Ikashinda ile ya profesa wangu, Sixten, yenye jina lake. Msumari ukiwa umeshaingia, kiherehere kikanituma niiambie kompyuta itunge sili wa bandia kwa kufuata modeli hiyo. Ingekuwa sahihi, wangefanana na sili wa kweli. Shangazi, hakufanana hata mmoja. Kumbe nilimpa zawadi mwanafunzi wa kwanza katika darasa ambalo wote wamefeli.

"Si uung'oe tu huo msumari?" Baba akanishauri.

Sixten naye masikio yalimwiva yakawa mekundu. "Nyamaza, Hedvig. Watu husoma ukurasa wa shukrani tu, wakitafuta majina yao."

Kunyamaza kungenipa shahada, lakini ningeionea aibu maisha yangu yote. Siku ilipofika nikalieleza kosa langu kabla sijaulizwa. Mpinzani wangu rasmi, yaani mgeni aliyealikwa kunihoji, Profesa Torbjørg wa Bergen, akafunga karatasi zake. "Swali hilo nimelinoa wiki tatu nzima, mwenzangu. Sasa mimi niulize nini?"

Kamati ikajifungia kujadiliana mpaka shampeni ikapata joto. Nimefaulu, Shangazi.

Kwenye karamu Sixten alisimama na glasi yake, nikajua leo nimekwisha.

"Modeli yangu imeishi miaka ishirini kwa sababu hakuna aliyeihoji," akasema. "Huyu kaiua, na kuua nilimfundisha mwenyewe. Jumatatu njoo mapema, binti, tutafute iliyo kweli."

Akakaa, akapenga kamasi. Mimi nililia waziwazi.

Nisalimie binamu Alvar na mkewe Ingegerd. Mungu akupe afya na goti lisilo na maneno.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda sana,
Daktari Hedvig (niache niringe wiki hii tu)