Sauti Mbili za Salamanca

Jumanne, 4 Oktoba 2011

Studio, Vällingby, hapa Stockholm. Mara ya pili. Chumba cha chini, kuta zimevikwa sponji, mimi na Baudouin tumekaa goti kwa goti, kila mtu na maikrofoni yake. Mtalii ataweka sauti zetu kwenye simu yake, atavaa hedifoni, atazunguka Salamanca bila kiongozi mwingine. Sisi tunamwambia kwa Kifaransa: kata kushoto, simama hapa, inua macho. Na Hispania yenyewe hatujaikanyaga!

Josefina, mwenye studio, alitusikia tukisoma matangazo kwenye redio ya parokia. Anasema tunasikika kama watu waliooana zamani. Tulicheka. Bado — harusi yetu ni Desemba. Halafu Salamanca, kwa miguu yetu wenyewe.

Leo tumefika mbele ya chuo kikuu cha kale. Kwenye ule ukuta uliochongwa kuna chura mdogo wa jiwe, kakaa juu ya fuvu. Wanafunzi humtafuta wapate bahati ya mitihani. Baudouin anasoma: "Umemwona?" Mimi: "Bado. Nionyeshe." Haikuwa kazi hata kidogo.

Alhamisi, 6 Oktoba

Olive yu hai.

Naandika tena ili nielewe. Olive, mke wa Baudouin, aliyepotea mwaka wa tisini na nane walipokimbia Uvira, kwetu Kongo. Baudouin alimtafuta miaka. Mwishowe ilisomwa misa ya marehemu, hapa hapa Stockholm. Nilikuwa benchi la nyuma, Baudouin simfahamu hata jina. Sasa wanaotafuta ndugu waliopotea vitani wamempata kambini Nakivale, Uganda. Yeye na mtoto wa kiume, Israël. Mimba ilikuwa changa walipotengana. Baudouin hakujua.

Amekuja kuniambia mwenyewe, hakupiga simu. Amesimama mlangoni na koti lake, hakutaka kuketi.

"Utafanya nini?" nikamwuliza.

"Fébronie, ni bibi yangu wa ndoa." Kwa sauti ya chini kabisa.

Nimlaumu mwanamke kwa sababu hakufa?

Nikampa maji. Akanywa yote. Akaenda. Nimesimama dirishani nimtazame akishuka kwenda metro. Hakugeuka — au aligeuka na mimi sikuona vizuri.

Ijumaa, 7 Oktoba

Kazini. Nimewaogesha wazee, nimewalisha. Bibi mmoja kauliza mbona leo siimbi. Basi.

Jumapili, 9 Oktoba

Misa sikwenda. Kwaya yote inajua.

Elieshi, rafiki yangu, katoka kwao Jordbro mpaka huku Hallonbergen na sufuria ya mtori mapajani. Mtanzania huyu anaamini hakuna huzuni inayoishinda ndizi na nyama. Nimekula vijiko viwili kwa heshima yake.

"Studio usiende kesho," akasema. "Waambie sauti imekauka."

Nikamwambia vimebaki vituo viwili tu, kanisa kuu na daraja.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitakwenda."

Akanitazama sana. "Unafuata kazi, au unamfuata yule mtu?"

Nikafunika sufuria. Namfuata yule mtu. Mle ndani tu ndimo bado ninaruhusiwa kumwambia "njoo, mpenzi, tazama". Imeandikwa niseme. Nje ya mlango ule sina tena haki ya neno hilo.

Na lingine, ambalo sikumwambia Elieshi. Jana nilipiga magoti nikaomba wawe wamekosea. Kwamba ni Olive mwingine. Niliomba hivyo kwa moyo wote, mimi ninayefundisha watoto katekisimu. Nimeinuka naona aibu, na bado natamani iwe hivyo.

Jumatatu, 10 Oktoba

Naandika hapa kwenye korido ya studio.

Josefina hajaambiwa kitu. Baudouin amekonda. Kanisalimu "Bonjour, Fébronie" kama tuko posta. Tumekaa. Kanisa kuu limepita vizuri: mlangoni kuna mwanaanga kachongwa kwenye jiwe, wakarabati walimwongeza juzi juzi tu. Nimesoma kwa uchangamfu mpaka nikajishangaa.

Halafu daraja la Warumi. Maneno yangu: "Nishike mkono, mawe yanateleza." Nikasoma. Maneno yake: "Nimeushika, siuachi."

Hakuweza. Akakohoa. Josefina kupitia kioo: "Tena." Tena. Mara ya tatu kafika "nimeushika", sauti ikakatika. Josefina akaniomba nitoke asome peke yake. Alidhani namchekesha.

Nimekaa hapa karibu na koti lake. Simu ikalia mfukoni mwa koti. Namba ya Uganda. Nikafikiri mtoto anaumwa. Nikapokea.

"Allô?" Sauti ya mwanamke, nyembamba, ya kwetu kabisa. Kasikiliza pumzi yangu. "Huyu si Baudouin. Ni Fébronie?"

Nikasema ndiyo.

"Mimi ni Olive." Nyuma yake kuku, mtu anatwanga. "Alinieleza habari zako, hakuficha. Dada, nakuuliza wewe kwa sababu yeye nikimwuliza analia. Kesho wananihoji kwa ajili ya safari ya kuja huko. Mtoto anamtaka baba yake, ni kweli. Lakini mimi nimezoea kukaa peke yangu, naweza kumtuma mtoto tu. Sitaki kuingia nyumba ambayo mtu mwingine ametolewa akilia. Niambie ukweli. Umemwachilia, au bado?"

Nikafungua kinywa.

Hakuharakisha. Alisubiri, na mimi nilikuwa nimekwisha kumpenda kidogo, Mungu wangu, hilo ndilo sikulitegemea. Halafu ikakatika. Salio lake limekwisha, nadhani.

Taa nyekundu ya kurekodi juu ya mlango imezimika. Nasikia kiti kinasogezwa, viatu vya Baudouin. Simu iko mapajani mwangu.

Inalia tena. Namba ile ile.