Vipimo vya Kajuju

Jumanne, 6 Mei 2025

Gauni la shule la Kajuju linambana kifuani. Nililishona mwenyewe Januari, nikaacha nafasi ya kutosha, maana watoto wa gredi ya pili hukua kama maharagwe. Nikampima. Nikampima tena – nikidhani tepu imevutika. Nikachukua tepu mpya. Jibu lile lile!

Nikalaumu kitambaa, kwamba kimesinyaa baada ya kufuliwa. Lakini kingesinyaa, hata kiuno kingebana. Kiuno kiko huru kabisa.

Kisha akainua mkono akasema, "Baba, hapo panauma." Nikaacha kupima. Mtoto ana miaka saba!

Sasa nimuulize nani? Mke wangu Mwendwa yuko Qatar, analea watoto wa watu. Na mama yangu... haya si mambo ambayo mwanamume wa Githongo anamuuliza mamake.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeanza na Cicily wa saluni iliyo jirani na kibanda changu cha kushona. Nikajifanya naulizia mteja. Hakuacha hata kusuka – ati ni kuku wa gredi. "Kuku anakua wiki sita, msichana akimla naye anafuata hiyo spidi!" Lakini Kajuju hula kuku Krismasi tu, tena wa kienyeji, yule tunayemkimbiza mpaka kwenye shamba la kahawa. Mteja wake, kichwa ndani ya draya, akasema ni televisheni. Televisheni inaingiaje kifuani? Nilitaka sana kuuliza. Nikakumbuka naulizia mteja.

Jumapili, 11 Mei

Mama amekuja baada ya kanisa na sare yake ya akina mama. Anataka niipanue. Upande wa kushoto tu, chini ya kwapa. Nikamcheka: umenenepa upande mmoja? Akasema nishone, nisihubiri. Kupimwa akakataa. Alama ya chaki ameshaiweka mwenyewe. Sawa.

Kwa vile tulikuwa tunaongea nguo, nikapitia hapo hapo. Nikaanza na gauni la shule, nikazunguka weee, mwishowe nikasema. Mama akamwita Kajuju, akamtazama akija. Kisha akacheka! "Si nilikuambia huyu ni mimi?"

Kwetu nyanya ni juju. Kajuju ni nyanya mdogo – ndivyo tunavyomwita msichana aliyepewa jina la nyanyake. Mimi huona ni jina tu. Mama huona ni yeye amerudi.

Akanisimulia, macho yakiwa kwenye cherehani. Kwamba naye aliwatangulia wenzake. Alivaa sweta hata jua likiwaka, ajifiche. Alikuwa mrefu kuliko darasa zima, walimu wakimtuma afute ubao kule juu. Halafu akasimama, hakukua tena. Wenzake wakampita mmoja mmoja. "Nikabaki hapa," akajigonga utosini. Mama yangu hunifika kifuani. Miaka yote hii nilidhani ufupi alizaliwa nao!

Hukumu yake: niache mtoto, ni damu yetu. Mimi sijatosheka. Mtu anakuwaje mrefu kuliko wote, kisha mfupi kuliko wote?

Jumatano, 14 Mei

Jana nilimwandikia Mwendwa yote; leo ametuma sauti kwa WhatsApp. Kwanza kilio, halafu amri. "Baba Kajuju, kwa hii usimskize mama. Mpeleke hosi, na usiniambie ati uko na kazi." Nitampeleka hospitali.

Jioni Kajuju ameniuliza kama atakuwa nyanya kabla hajakuwa mama. Shuleni wanamwambia hivyo. Nikacheka – swali lenyewe! Kisha nikaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo, nikalia kidogo. Naogopa, na sijui hata naogopa nini.

Alhamisi, 22 Mei

Hospitali, Meru mjini. Daktari ni msichana mdogo mwenye subira. Nimemuuliza maswali hadi nesi akachungulia mara mbili.

Wamempiga Kajuju picha ya mkono. Mifupa yake ni ya mtoto wa miaka kumi! Daktari anasema kwenye ncha za mifupa kuna sehemu iliyo wazi, hapo ndipo urefu hutoka. Mwili ukiwahi kukomaa, hiyo sehemu hufunga mapema. Nimeelewa mara moja: ni gauni lisilobakishiwa pindo, huwezi kulishusha tena. Kumbe ndipo mama alipokwama!

Si kuku. Si televisheni. Mara nyingi kwa wasichana hawaoni chanzo chochote, na huweza kwenda kwa ukoo. Iko sindano ya kusimamisha huko kukomaa kwa muda. Kwanza damu ipimwe, na kichwa pia, wahakikishe.

Na akishakuwa mtu mzima? Nimeuliza hilo pia. Daktari akapunguza sauti, Kajuju asisikie. Hatari ya sukari, presha, hata saratani ya matiti huwa juu kidogo. Kidogo, akarudia – si lazima yampate, ni ya kuangaliwa. Akauliza nani mwingine alianza mapema. Nimlete Jumatatu.

Mama ana sukari. Presha pia. Njia nzima ya kurudi nimewaza hayo mawili tu.

Jumapili, 25 Mei

Mama amekataa. Ati mtoto si kuku wa kudungwadungwa. Ati yeye anatafutwa nini huko, ameshazeeka. Amekuwa mkali kuliko nilivyotegemea. Kajuju akamshika mkono: "Juju, twende tu. Si uchungu. Ni picha." Mama akaniuliza kama sare yake iko tayari.

Jumatatu, 26 Mei

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya chumba cha daktari.

Mama amevaa sare, imemkaa vizuri. Ndani alijibu maswali kwa mkato. Ndiyo. Hapana. Zamani. Daktari akamweleza aliyonieleza mimi – sukari, presha, matiti. Kwamba mama akiona mahali pagumu, au uvimbe, hata kama hauumi, asingoje.

Mama akatazama kofia ya sare mapajani. Akaikunja. Akaniambia, "Wewe toka kidogo. Toka na mtoto."

Nikadhani ni aibu tu. Za kike. Nesi akafunga mlango, nikasikia pazia likivutwa.

Muda unaenda. Kajuju amechukua tepu mfukoni mwangu, anapima benchi. Ananiuliza Juju anapimwa nini, si mgonjwa ni yeye Kajuju?

Nimefungua mdomo nimjibu. Nikaiona akilini ile alama ya chaki. Chini ya kwapa. Upande wa kushoto tu.

Na mimi siku ile nikamcheka!

Nesi mwingine ameingia, anatembea haraka. Mlango umefungwa tena. Kajuju ananyoosha tepu, anasema nishike huku mwisho, isiteleze. Nimeshika.