Saa Nzima Inayopotea Njiani Bugarama

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi nina mambo mawili ya kuamua na yakishaamuliwa hayarudi nyuma, na jina langu uliandike wazi, sina ninachoficha, maana katika habari hii mimi ndiye niliyekosewa.

Mimi ni mtotoleshaji wa vifaranga hapa Mugoma, wilaya ya Ngara. Nilianza na mayai 28 ndani ya boksi la sabuni na taa ya chemli, wakaanguliwa tisa, nikawalea wale tisa, na leo nina mashine ya mayai 1,056 na katika kila mayai mia napata vifaranga 83, na hakuna aliyenishika mkono, si mradi wala mjomba. Wateja wangu ni 64, hapa Mugoma 45 na Bugarama 19, na wote hufuata vifaranga kituoni, Mugoma sokoni na Bugarama kibarazani kwa Teddy mwenye duka, ambako shemeji yangu Novatus hupeleka maboksi kwa pikipiki ya matairi matatu.

Zamani nilikuwa nawapigia simu mmoja mmoja. Wateja 64 mara dakika nne ni dakika 256, yaani saa nne na robo za kuongea tu, maana mtu wa Mugoma lazima akuulize habari za nyumbani hadi za mbuzi, na mtu wa Bugarama ukimwambia njoo saa mbili lazima akuulize "saa ya wapi?", ukimjibu anauliza tena, swali ambalo lilinichosha mpaka nikawa nalisikia hata likiwa halijaulizwa. Ndipo nikaenda Biharamulo mjini kwenye mafunzo ya siku tano, na mwalimu akatufundisha jambo ambalo sijawahi kulisikia, kwamba mtu mdogo hana haja ya kujenga mfumo kuanzia msingi wala kununua mkubwa wa kampuni, huko mtandaoni ziko huduma tayari, kila moja inajua kazi yake moja, wewe kazi yako ni kuzikutanisha zipeane habari. Nikarudi nikakutanisha nne: fomu ambayo mteja anajaza mwenyewe kwenye simu, jedwali linalokaa kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za watu huko mbali, hata simu yangu ikitumbukia kisimani kazi yangu haizami, kalenda inayohesabu siku 21 za mayai, na huduma ya kutuma ujumbe. Mume wangu Ansbert alicheka, "Wingu gani hilo lisilonyesha mvua, linanyesha maneno?" lakini lilipoanza kunyesha aliacha kucheka.

Linafanya kazi hivi. Vifaranga wakishaanguliwa natoa ruhusa, na kesho yake saa moja kamili asubuhi kila mteja anapata ujumbe: "Vifaranga wako wamepakiwa. Toka nyumbani sasa, fika kituoni saa mbili kamili." Niliwaambia wote, asitoke mtu kabla ya ujumbe, maana yai halina mkataba, linaweza kukaa siku moja zaidi na sitaki watu wazima wapoteze asubuhi bure. Niliweka kila kitu vizuri, hata pale palipoandikwa "tuma kwa saa za mpokeaji" niliweka alama, nikaona ni heshima kwa mteja.

Sasa mshauri, angalia hesabu. Mitotoleo mitatu mfululizo, tangu nianze kutuma ujumbe. Watu wa Mugoma wanachelewa dakika nne, saba, mbili, wengine wanawahi. Watu wa Bugarama, kati ya wale 19, saba wanafika sawasawa na 12 wanachelewa, na wanachelewa dakika 61, 58, 63, 60, nimeandika zote, na hao 12 ndio wenye simu kubwa za kupangusa, waliojaza fomu wenyewe majumbani kwao, wakati wale saba wana vitochi tu na niliwajazia mimi kwenye simu yangu siku ya gulio. Nimejiuliza, je, simu kubwa inamfanya mtu kuwa mvivu? Novatus hawezi kungoja, saa mbili na nusu lazima aondoke, anamwachia Teddy maboksi, na mara ya tatu mvua ilipiga kibaraza kwa ubavu, vifaranga 37 wakafa kwa baridi.

Siku hiyo nilikuwepo mwenyewe, nimefunika maboksi kwa khanga yangu na mimi nalowa. Saa tatu na dakika moja akatokea Mzee Nahimana, ametembea kwa miguu, yuko mbele ya wenzake, anatabasamu kabisa. Sikumpa hata shikamoo. Nikamwambia, "Mzee, umeambiwa saa mbili!"

Akasema, "Mwana wanje, mwanangu, ujumbe umeingia, nikavaa viatu, nikatoka. Sikunywa hata uji."

"Niletee simu nione."

Akanipa. Nikafungua ujumbe, umeandikwa 07:00, saa moja kamili asubuhi, haukosei. Nikaunyanyua watu waone. "Haya someni wote! Saa moja! Kutoka kwako mpaka hapa ni mwendo wa saa nzima, hiyo nyingine umeipeleka wapi?"

Teddy akasema polepole, "Generoza, huyo ni baba wa watu." Mimi hasira zilikuwa zimeshanipanda. Nikasema mbele ya wote kwamba watu wa kule ndivyo walivyo, wamevuka mpaka wakaja kwetu na saa zao mbovu na hawataki kuziacha. Mzee akaitazama simu yake, akanitazama mimi, akasema, "Basi simu yangu na simu yako hazikusoma shule moja." Akachukua boksi lake, akahesabu wazima 14 kati ya 20, akaondoka bila kudai kitu. Hiyo ya kutodai ndiyo inayonikera zaidi.

Nimeshaandika orodha ya kuwaondoa wale 12, na Jumamosi kuna mtotoleo mwingine. Jumamosi hiyohiyo anakuja Gidioni kutoka Biharamulo mjini, anauza mfumo mmoja uliokamilika, fomu, kalenda, ujumbe, vyote ndani ya chungu kimoja, anasema vipande vyangu vya kuunganisha ndivyo vinavyoniangusha, na kwamba watu wa mpakani teknolojia haiwafai. Nikikubali wake, wangu nauzima, na taarifa zangu za miaka miwili, hata zile nilizozitoa daftarini, zinahamia kwake.

Lakini mshauri, kuna kitu hakinipi raha. Nimeangalia ripoti ya ujumbe, zimetumwa 64, zimefika 64. Nimekagua fomu, iko sawa. Kalenda, sawa. Kila nikigusa kipande kimoja kimoja nakikuta kizima, na mzee yule, nikimkumbuka uso, naye alikuwa mzima. Kama hakuna aliyekosea, vifaranga wangu 37 wameuawa na nani? Naomba unijibu kwa hesabu, usinijibu kwa kunibembeleza.

Ni mimi, Generoza, Mugoma.

JIBU

Generoza, marahaba. Umesema usibembelezwe, na mimi leo sina nafasi hiyo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, na nilipofika kwenye 61, 58, 63, 60 nikaweka kalamu chini. Mama unayejua vifaranga 83 kwa mayai mia, umewezaje kuzipita namba hizo? Mvivu hachelewi kwa kipimo. Mvivu leo anachelewa dakika kumi, kesho saa tatu, keshokutwa haji kabisa. Watu 12 wanaochelewa saa nzima, mara tatu mfululizo, hao ni watu wenye nidhamu kuliko Novatus wako. Wanachelewa kwa sababu wanakutii.

Ngoja nikuoneshe ilikokwenda hiyo saa. Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja, hilo unalijua tangu utotoni. Simu ya kupangusa ikikaa Bugarama hudaka mnara wa ng'ambo ya mpaka, na nyingine hurekebisha saa yake yenyewe bila kumwambia mwenye nayo. Mzee Nahimana alipojaza fomu nyumbani kwake, fomu iliiuliza simu, "uko kwenye saa za wapi?" na simu ikajibu kwa uaminifu, "za Burundi." Fomu ikaandika hivyo kwenye jedwali. Jedwali likaiambia huduma ya ujumbe. Na wewe kwa mkono wako uliweka alama, tuma kwa saa za mpokeaji. Huduma ikatii, ikangoja mpaka ifike saa moja asubuhi ya Burundi. Hapo kwako Mugoma ilikuwa saa mbili kamili na Novatus yuko kituoni anaangalia barabara. Mzee akavaa viatu, akatembea saa nzima, akafika saa tatu. Wale saba wa vitochi uliwajazia kwenye simu yako, wakaandikwa saa zako, wakafika sawasawa. Hesabu imefunga.

Na siku ulipomnyang'anya mzee simu ukaisoma mbele ya watu, ulisoma ujumbe tu. Ungeinua jicho kidogo, pale juu kabisa ya kioo, ungekuta simu yake inasema saa mbili wakati yako inasema saa tatu. Jibu ulikuwa nalo mkononi, ukalitumia kama fimbo.

Kwa hiyo umeuliza nani kaua vifaranga. Hakuna kipande kilichodanganya, Generoza, kila kimoja kilisema kweli yake. Ajali ilitokea pale kimoja kinapompa mwenzake habari, na pale pana mtu mmoja tu anayepaswa kusimama, naye ni wewe uliyevikutanisha. Mtu akinunua ng'ombe wanne wazuri bado hajapata jozi za kulima, mpaka awafunge nira na awaone wanavutana vipi. Wewe uliwafunga Mugoma, ukawapima Mugoma, ukawapeleka kulima Bugarama.

Lakini usikimbilie kwa Gidioni. Ulichotengeneza ni kazi ya akili na sitaki uizime kwa hasira. Akija Jumamosi msikilize, mpe chai, halafu mpeleke Bugarama. Mwambie aufungue mfumo wake kwenye simu ya Mzee Nahimana, amsajili palepale, kisha mngoje wote muone ujumbe unaingia saa ngapi. Muulize pia, siku ukitaka kuondoka utaondoka na taarifa zako au zinabaki kwake? Akijibu vyote viwili bila kutoa jasho, rudi uniandikie. Akisema watu wa mpakani hawafai, mwambie biashara yako iko mpakani, na mfumo usiomfaa mteja ndio usiofaa.

Sasa kazi zako za wiki hii. Iondoe ile alama leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti hili. Weka wateja wote 64 kwenye saa ya Tanzania, na uikague safu ile kwenye jedwali mstari kwa mstari, usiliamini neno "sawa". Ujumbe wa kwanza utumwe jioni ya kuamkia siku yenyewe, wa asubuhi uwe wa kukumbusha, na uandike "saa mbili asubuhi ya Tanzania", maneno matatu tu yameongezeka. Weka na namba inayopokelewa na mtu, kwa sababu lile swali lililokuchosha, "saa ya wapi?", ndilo lililokuwa linalinda vifaranga wako miaka yote ulipokuwa ukipiga simu. Wale watu walijua wanaishi wapi. Wewe ukanunua muda wako kwa kuwafunga mdomo. Dakika 256 ulizookoa, rudisha kumi.

Hiyo orodha ya watu 12, ichane. Tena usiichane peke yako.

Na hili la mwisho haliko kwenye simu wala kwenye wingu. Ulisema "watu wa kule". Alama ya kwenye fomu uliiweka kwa kutojua, hilo nakusamehe hata mimi. Neno lile hukuunganishiwa na huduma yoyote, lilitoka kwako. Mzee aliyehesabu wazima 14 kati ya 20 akaondoka, la kudai alikuwa nalo. Alishaona mlango uliopo, akaona haumfungukii. Ulimwaibisha kibarazani kwa Teddy, basi kibarazani kwa Teddy ndiko kwa kumwomba radhi, watu wakiwepo, na shikamoo uliyomnyima itangulie. Mpelekee vifaranga sita wa kufidia. Kisha mwombe kazi: kila utakapobadilisha kitu kwenye mfumo wako, ujumbe wa majaribio uingie kwanza kwenye simu yake, akupigie akwambie umeingia saa ngapi. Hakuna fundi Biharamulo wala Ngara mjini anayeweza kukufanyia kazi hiyo, maana hakuna anayekaa pale anapokaa yeye.

Umetaka jina lako liandikwe wazi. Nimeliandika, kwa sababu msamaha nao hauombwi bila jina. Mpigie mzee leo, mwambie unakuja kesho saa nne. Akikuuliza "saa ya wapi?", mshukuru, ndipo umjibu.