Kikombe cha Mama Rehema

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Mama Rehema, mke wangu, ameamka mara nne usiku. Baada ya mara ya nne hakulala tena. Aliketi kitandani hadi adhana.

Nesi wa kituo cha afya ameagiza niandike kila siku: chakula, saa ya kula, mara alizoamka, maumivu kati ya sifuri na kumi. Nimemtengenezea daftari lenye safu. Hili jingine ni langu.

Vidonge vyekundu amekatazwa tangu Ijumaa. Vimemchoma tumbo. Vimebaki vyeupe, ambavyo havifanyi kazi kubwa. Nesi alisema chakula si dawa, lakini kinaweza kusaidia. Akataja samaki wadogo wa ziwani, mboga za majani, mbegu za maboga, ndizi mbivu, maziwa ya moto, tangawizi, manjano. Chakula cha jioni kiliwe mapema. Niliomba orodha iliyoandikwa. Aliiandika nyuma ya karatasi ya dawa. Makosa mawili ya tahajia. Sikuyasahihisha.

Asubuhi uji wa mtama. Mchana maharagi, nimeyaunguza. Miaka thelathini na minane nimefundisha sarufi. Sikuwahi kumenya kitunguu. Mke wangu hawezi tena kuinama juu ya jiko la makaa. Miaka aliyobeba marobota ya vitenge kwenda na kurudi soko la Birere imekaa yote kiunoni. Binti yetu Rehema anafanya kazi mtaa wa Himbi na jioni ana watoto wake. Kwa hiyo mpishi ni mimi.

Maumivu: saba.

Jumanne, tarehe 4

Mara nne. Saba.

Zaina, mdogo wa Mama Rehema, amepiga simu kutoka Rutshuru. Anataka dada yake akakae kwake. Ana mabinti wanne nyumbani, anasema. Mimi nina nini?

Mama Rehema alimsikiliza muda mrefu. Kisha akaniambia bila kunitazama: usingizi usiporudi, atakwenda Jumamosi ya tarehe 22. Mpwa wao ana gari. Siku hiyo atapita hapa asubuhi.

Anasema ni wiki mbili. Mtu anayekwenda wiki mbili haulizi blanketi nzito ziko wapi.

Nilihesabu. Zimebaki siku kumi na nane.

Alhamisi, tarehe 6

Mara nne. Saba.

Nimekwenda sokoni mwenyewe, mara ya kwanza tangu nistaafu. Mwuza sambaza, wale samaki wadogo aliowataja nesi, alinitambua. Alikuwa mwanafunzi wangu. Jina lake nimelisahau, makosa yake sijayasahau.

"Muzee, mama amekufukuza ku nyumba, ao umekuya kusahihisha samaki?"

Wanawake wote wa safu ile walicheka. Nilinunua sambaza na fungu la lengalenga, mboga ya majani, nikaondoka. Sambaza zilikuwa mbichi, zimevuliwa usiku uleule. Sina la kulalamika.

Nimezipika kwa nyanya na manjano. Chumvi imezidi. Tumekula saa kumi na moja jioni, kama ilivyoagizwa.

Baada ya sala ya magharibi, chai. Katika nyumba hii haikosi. Baba yangu aliileta desturi hiyo kutoka Kasongo: majani yachemke pamoja na tangawizi, na anayepewa kikombe akinywe hadi mwisho. Kukiacha ni kumdharau aliyekipika. Miaka yote Mama Rehema ndiye aliyeipika. Sasa ni zamu yangu. Kwa kuwa nesi ametaja tangawizi, nimeiongeza, na nimechemsha muda mrefu ili nguvu yote itoke.

Nilimmiminia katika kikombe chake cha bati, kile cha bluu chenye kifuniko. Alikitazama kidogo. Akanywa chote.

Nilifurahi.

Jumamosi, tarehe 8

Mara tano.

Pengine ugali wa jioni ni mzito. Nimeuondoa. Badala yake viazi vitamu na mbika zilizosagwa. Mbika ndizo mbegu za maboga alizotaja nesi. Mama yangu alizipika kila wiki na hakuziita dawa.

Chai: vipande viwili zaidi vya tangawizi.

Jumatatu, tarehe 10

Mara sita. Maumivu nane.

Anasema moyo unamdunda akilala chali. Mikono inatetemeka akishika tasbihi. Nimechunguza safu ya chakula kwa makini. Jana mchana palikuwa na sombe ya majani ya mihogo yenye mawese mengi na pilipili. Nimeondoa mawese. Nimeondoa pilipili. Chakula sasa hakina ladha yoyote. Anaacha nusu sahani.

Chai haimsumbui. Anaimaliza kila siku.

Mimi nalala vizuri. Jambo hilo linanitia aibu.

Jumatano, tarehe 12

Mara sita. Nane.

Rehema alipita mchana na parachichi na ndizi. Akamtazama mama yake, kisha akanivuta ukumbini.

"Papa, mama anakonda. Mumuache aende kwa mama mudogo Zaina."

Nilimwonyesha daftari la nesi. Siku zote, safu zote, hakuna mahali palipokatwa. Aligeuza kurasa mbili.

"Papa, hii ni mama ao ni buletini ya mwanafunzi?"

Nilimwambia apunguze sauti. Alipunguza, lakini hakuliondoa neno. Alipokwenda nilisoma daftari tena. Linafanana na buletini, ripoti ya alama za shule. Linaonyesha mwanafunzi anayeshuka.

Ijumaa, tarehe 14

Mara sita. Tisa.

Sikwenda msikitini. Nilisali nyumbani, karibu naye.

Sanduku lake la safari liko nyuma ya mlango. Limefungwa.

Naogopa. Nimetafuta neno jingine, halipo.

Jumapili, tarehe 16

Mara saba. Tisa.

Nimefanya kila kilichomo katika orodha. Samaki, mboga, mbegu, ndizi, manjano, tangawizi. Chakula cha jioni kabla ya giza. Nimesahihisha kila kitu ninachoweza kukiona. Ama orodha si kweli, ama kuna jambo nisiloliona.

Maziwa ndiyo peke yake sijayajaribu. Nimemwagiza Mama Gentille, jirani yetu. Ndugu zake wanafuga ng'ombe huko Masisi, na maziwa humfikia kila Jumatatu.

Sanduku liko palepale.

Jumatatu, tarehe 17

Mara sita. Tisa.

Niandike kwa mpangilio.

Mama Gentille alileta maziwa saa kumi alasiri. Mimi nilikuwa jikoni, nimetangulia kuchemsha chai ili ikae motoni hadi magharibi. Aliingia bila kubisha, kama kawaida yake. Akafunua birika.

"Muzee, hii ni chai ao ni gudroni nyeusi ya barabara?"

Nilimwambia ni tangawizi, kwa ajili ya Mama Rehema.

Alicheka. Kisha akaacha kucheka. Akaweka bidoni ya maziwa chini.

"Ni Mama Rehema njo anakunywa hii? Mangaribi?"

Nikasema ndiyo, kila siku.

"Yeye hakunywaka chai mangaribi hata siku moja. Miaka yote tunakaaka naye hapa inje juu ya mawe, ni maji ya tangawizi tu, na kifuniko juu. Muzee, haukujua?"

Sikujua.

Tumeoana miaka arobaini na mmoja. Kila jioni nimeketi mbele ya kikombe kile. Sikuwahi kukifunua.

Mama Gentille aliimwaga chai juu ya mawe ya lava uani, bila kuniomba ruhusa. Ilitoa mvuke. Akapasha maziwa, akatia manjano kidogo na kipande cha tangawizi kilichopondwa. Akaniambia nisichemshe hadi yafurike, kisha akaenda zake.

Nilimpelekea Mama Rehema maziwa hayo baada ya sala. Alifunua kifuniko, akanusa. Akanywa hadi mwisho. Nikachukua kikombe kitupu.

Jumanne, tarehe 18

Mara sita. Nane. Kichwa kinamwuma. Nilikwenda kwa nesi mapema. Nilimwambia yote. Alisema mtu aliyekunywa chai nzito kwa muda akiiacha ghafla huumwa kichwa siku mbili tatu, na kwamba majani yale humnyima mtu usingizi hata akila vyema namna gani. Asipolala, maumivu huzidi. Akaniuliza kwa nini chai haimo katika daftari. Nilimwambia safu ni ya chakula. Nilikuwa nimeandika "tangawizi" kila siku, siku kumi na moja. Chai kwangu si chakula. Ni desturi.

Hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu.

Niliporudi nilimwuliza Mama Rehema. Nilibaki nimesimama, kama ninavyofanya ninapokuwa na kosa.

Alisema: "Chai inanitoa usingizi toka mutoto wa kwanza. Lakini weye unapendaka watu wanywe pamoja. Ni kwa hiyo njo nikatafuta kikombe cha kifuniko."

Nikauliza kwa nini basi amekunywa hii yangu.

"Hiyo ulipika na mikono yako, Papa Rehema. Ningeimwaga wapi?"

Nilitoka nje nikakaa. Mama Gentille alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ukuta. Aliniona, akaendelea kuanika.

Jumatano, tarehe 19

Mara nne. Nane.

Sambaza, lengalenga, viazi vitamu. Ndizi moja. Maziwa. Chumvi sawa.

Nimeongeza safu ya vinywaji. Ilipaswa kuwapo tangu siku ya kwanza.

Alhamisi, tarehe 20

Mara tatu. Saba. Kichwa kimetulia.

Nimerudisha pilipili kidogo kwenye maharagi ya mchana. Alikula sahani yote, akaomba kijiko kingine. Nilikuwa nimemwadhibu bure kwa siku kumi.

Zaina alipiga simu. Gari litafika Jumamosi saa moja asubuhi. Mama Rehema alisema, "Ndiyo." Akanirudishia simu.

Ijumaa, tarehe 21

Mara tatu. Saba.

Siku tatu za usingizi hazithibitishi lolote. Ningekuwa Zaina, ningesema hivyohivyo. Maumivu hayajaondoka na hayataondoka. Nesi amelisema hilo waziwazi. Tunachotafuta ni kulala tu, ili yabebeke.

Nimefikiri kumwomba abaki. Siku nzima nimeitunga sentensi. Kila nilipoimaliza ilikuwa sahihi, na haikufaa.

Nilipopeleka maziwa nilimkuta anaweka sawa kitambaa chake cha safari juu ya sanduku. Akaniambia nisisahau kumwamsha.

Jumamosi, tarehe 22

Aliamka kwa sala ya alfajiri. Alisali ameketi. Akarudi kitandani na kusema anajinyoosha kidogo tu, nimwamshe saa kumi na mbili.

Saa kumi na mbili niliingia. Alikuwa amelala kwa ubavu, mkono chini ya shavu, mdomo wazi kidogo. Sijamwona amelala namna hiyo tangu mwaka jana. Nilisimama. Nilijua ahadi yangu. Nikatoka, nikarudisha mlango polepole kwa sababu bawaba zake hulia.

Saa moja gari lilifika. Lilipiga honi. Nilitoka mbio. Magoti yangu hayajaniona nikikimbia kwa muda mrefu. Nikamwambia dereva aache honi.

"Muzee, tunachelewa! Mama iko wapi?"

Nikasema amelala.

"Mumuamushe basi!"

Nikasema tena kwamba amelala. Alinitazama. Nyuma kulikuwa na wanawake wawili na magunia, na mmoja alianza kulalamika kwamba jua linapanda. Dereva ndiye yule mpwa, mtoto wa dada mkubwa wa Mama Rehema. Amesikia kwa Zaina kwamba mama yake mdogo huyu halali. Akazima injini, akauliza kwa sauti ya chini, "Kweli analala?"

Nikasema ndiyo.

Alingoja robo saa. Kisha aliliwasha gari bila kelele, akalishusha taratibu hadi barabarani, na hapo ndipo alipokanyaga mafuta.

Nimewahi kuwaadhibu watoto kwa kosa dogo kuliko hili. Niliagizwa, nikakubali, sikutekeleza.

Aliamka saa tatu kasorobo. Jua lilikuwa limefika miguuni mwake. Nilimsikia anauliza saa. Nikamwambia. Akauliza gari. Nikasema limekwenda, na kwamba ni mimi niliyeliachia. Sikutoa sababu.

Alitazama sanduku. Nilingoja nikiwa nimesimama.

"Zaina atakasirika," alisema.

Nikasema nitamwandikia leo.

Alijaribu kuinuka, kiuno kikamshika, akafumba macho hadi kilipomwachia. Nilimpa mkono. Kisha akasema:

"Andika tu fupi. Umuambie nililala."

Jumapili, tarehe 23

Mara mbili. Maumivu sita.

Mvua asubuhi. Uji, ndizi. Amekaa jikoni juu ya kigoda akinielekeza sambaza zigeuzwe lini. Nilizigeuza mapema. Alisema hivyo.

Majani ya chai yaliyobaki nimempa Mama Gentille. Baada ya magharibi nilipasha maziwa kwa ajili ya Mama Rehema na maji ya tangawizi kwa ajili yangu. Hayana ladha kubwa. Nimeyamaliza.

Kifuniko chake amekiacha mezani, akanywa kikombe kikiwa wazi.