Karatasi ya Sinduri

Janakpur,
Siku ya tano baada ya sikukuu ya Chhath

Dada yangu mpendwa,

Nagusa miguu yako kutoka huku mbali. Natumai goti lako limepoa na baridi haijaanza kukusumbua. Huku hatujambo. Mwanangu Ranjit na mkewe ni wazima, ng'ombe amezaa, na mimi nakula vizuri, ila ulimi wangu, ambao wewe ulisema utatulia nikizeeka, bado haujatulia.

Uliniuliza habari za chama cha wanawake wachoraji. Dada, kimekua. Kimekua kama boga lililoota jalalani. Unakumbuka kilianza na wanawake watano ndani ya banda la nyati la Rampari Mandal, Rampari huyo huyo ambaye mama yake alikuwa akija kusiriba ua wetu kwa kinyesi cha ng'ombe. Leo kina nyumba ya ghorofa mbili, madirisha ya vioo, na bango kubwa kuliko mlango wenyewe. Wanachama wamefika mia moja na themanini, na nusu yao hawawezi kuchora hata mkia wa samaki. Wanachora tembo kwenye vikombe. Vikombe vinakwenda Kathmandu, wageni wanavinywea chai, na tembo wa watu anasuguliwa kwa sabuni kila jioni. Sisi tulichora ukutani kwa ajili ya bibi harusi na miungu. Mvua ikafuta, tukachora tena, na hakuna aliyetupigia makofi.

Mikutano yao ndiyo usiseme. Kila Jumamosi wanakaa kwenye viti, wanachagua mwenyekiti na katibu na mtunza funguo, kisha wanagombana nani kamaliza rangi nyekundu ya nani. Hata mkwe wangu Nutan kajiunga. Nilimwambia wanawake wa nyumba hii hawachori kwa kuitwa na kengele. Akanijibu, kwa adabu zote, kwamba afadhali kengele ya chama, inajua hata saa ya kula.

Lakini kilichonichekesha kuliko vyote ni sheria yao ya majina. Tangu enzi za banda la nyati, Rampari alitoa amri kwamba picha haitundikwi bila jina la aliyeichora, jina lake mwenyewe, si mama fulani wala mke wa fulani. Alikuwepo ajuza mmoja wa mtaa wa wafinyanzi aliyekaa siku tatu akilitafuta jina lake, kwa sababu mtu wa mwisho kumwita hivyo alikuwa baba yake, na baba alikwisha kufa zamani. Siku ya nne akalikumbuka, akalia. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Kisa hicho nilikisimulia bombani na katika harusi tatu, nikisema huyo atachora nini, ikiwa jina lake tu limempotea kama kuku.

Sasa mwezi ujao wanafungua chumba cha maonyesho. Nutan alileta habari hiyo huku kavimba kichwa, nami nikaona wakati umefika wa kuwaonyesha watu hawa uchoraji ni nini. Hapa, dada, ndipo ninapokuomba radhi, maana nilifanya jambo bila kukuuliza. Nilifungua sanduku la mama nikatoa ile karatasi aliyoichora kwa masizi na manjano, aliyofungia sinduri, ile poda nyekundu ya kumpaka bibi harusi utosini, siku ya harusi ya Kaka, yenye mianzi na yungiyungi na samaki wanaotazamana. Ni yetu sote wawili, najua. Nikavaa sari ya hariri nikaenda nayo.

Rampari alinawa mikono kabla ya kuigusa. Akasema utotoni alikuwa akimchungulia mama akichora, akiwa nje ya ua kwa kuwa ndani hakuruhusiwa, na kwamba mkono wake uliufuata mkono ule. Nilifurahi kusikia hivyo, nilifurahi vibaya. Kisha akachukua kalamu na kile kikaratasi cha kubandika chini ya picha, akaniuliza jina la mchoraji.

Nikasema, wa Saurath. Akasema hicho ni kijiji alikotoka. Nikasema, mama yake Devendra. Akasema huyo ni kaka yako. Nikafungua mdomo, dada, na mdomo ukabaki wazi. Baba alimwita "sikia wewe." Bibi alimwita mkwe, majirani wakamwita wa Saurath, sisi tukamwita mama. Kaka alilitaja jina lake mbele ya kuhani siku ya matanga, lakini sisi wanawake tulikuwa ndani, na sasa Kaka naye hayupo. Nilisubiri Rampari acheke. Ningekuwa mimi ningecheka, na mwaka mzima ningekuwa bado nacheka. Yeye aliweka kalamu chini akasema, "Nenda kaulize polepole, mama. Ukutani tutakuachia nafasi."

Nimedharau watu wengi maishani, unanijua. Sijamdharau yeyote kama ninavyomdharau huyo mwanamke wa sari ya hariri aliyesimama pale mdomo wazi.

Wewe umenizidi miaka tisa. Ulikwenda na mama kwao Saurath kabla sijazaliwa, na huko lazima kuna mtu alimwita: bibi, mjomba, hata jirani akimkaripia. Kaa juani, dada, mimina chai, ukumbuke. Ukilipata, niandikie hilo tu, hata bila salamu. Na kama nawe hulijui, usiniambie. Niandikie habari za wajukuu.

Nutan anagusa miguu yako. Msalimie shemeji, na watoto wote uwapapase vichwa kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Indrakala

Barua zangu zote huwa natia sahihi Mama Ranjit. Wajukuu wakikuuliza Indrakala ni nani, waambie.