Kikao cha Ukweni

Lagangabilili, Itilima

Dada Esteria,

Mwangaluka. Pamba tumemaliza kuchuma, watoto hawajambo.

Jumapili mume wangu Mayige aliniitishia kikao kwao, akawaambia wazee namnyima unyumba. Mwongo! Nilimtaka avae kondomu tu. Dawa zake za ARV anazimeza anapojisikia, na nesi alishatuonya kwamba akiziruka anaweza kuniambukiza. Mimi bado sina virusi, dada.

Mama mkwe akasema, "Kondomu ni za malaya. Siku hizi dawa ni bure. Ukiupata, si utameza kama mwenzio?"

Damu ikanichemka. Nikasimama, adabu ya ukweni nikaisahau. "Mama, kama kumeza ni rahisi, mbona mwanao anazificha dawa kwenye gunia la mahindi?"

Baba mkwe akaomba fimbo yake, akatoka, kikao kikaishia hapo.

Tangu siku hiyo nalala na watoto. Jana Mayige alikwenda kliniki mwenyewe, akarudi na dawa na boksi la kondomu, akaviweka kitandani. Sikumshukuru.

Mama usimwambie kwanza.

Mdogo wako,
Nyanjige